Mdogo Wangu, Kabla Hujapiga Kura

  Wiki hii mambo ya wachumba na mawifi yasubiri kidogo. Nimepokea barua ambayo nimeona itawafaa wengi, hata wale ambao hawajawahi kulisikia jambo lenyewe.

"Shikamoo dada," anaandika mdogo wetu huyu. "Nimejiunga na Waymarking, ile tovuti ya kuorodhesha maeneo, na sasa naruhusiwa kupigia kura kategoria mpya. Kuna mwanachama mkongwe aliyenipokea vizuri na kunielekeza kila kitu tangu nilipoingia. Juzi ameleta pendekezo lake la kategoria, na mimi naliona halina kichwa wala miguu. Nikimpa hapana, nitaonekana sina shukrani. Nikimpa ndiyo, roho inanisuta. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nakupongeza kwamba roho imekusuta. Wapo wanaobofya ndiyo bila kusoma hata mstari wa pili, kisha wanaenda zao kulala. Wewe umesimama ukajiuliza, na hiyo ni nusu ya kazi.

Tuwaeleze kwanza wenzetu wasioijua Waymarking ili twende pamoja. Ni tovuti ya watu wanaopenda kutembea na kuandika walichokiona. Unafika mahali, unachukua namba za GPS za pale uliposimama, unapiga picha, unaandika maelezo, kisha unaiweka alama yako kwenye kategoria inayoifaa: mnara wa taa kwenye minara ya taa, saa ya jua kwenye saa za jua, makaburi ya zamani kwenye makaburi. Mwingine akisoma anaweza kufunga safari, akafika, akaacha kumbukumbu na picha yake. Hakuna kitu kilichofukiwa wala kufichwa. Unachokwenda kukipata ni mahali penyewe na habari zake.

Mchezo huu umetokana na mwingine. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na vifaa vya mkononi vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi ambao watu hawakuwa wameuzoea. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Portland, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti, na watu wakaenda kuitafuta. Hiyo ndiyo geocaching. Haikuchukua muda, wapenzi wa mchezo wakataka kuonyeshana pia maeneo yasiyo na kitu kilichofichwa: sanamu, daraja, jiwe la kumbukumbu. Wengine wakabuni mchezo wa kutafuta kitu cha aina fulani popote ulimwenguni, kama vile jeep ya njano, kila mtu aje na yake.

Hapo malumbano yakaanza. Wakaguzi wa kujitolea wa geocaching walitakiwa waamue kama mahali fulani panastaajabisha vya kutosha, na kinachomstaajabisha Juma hakimstaajabishi Asha. Mwaka 2005 kampuni ya Groundspeak ya Seattle, ambayo ndiyo yenye tovuti ya geocaching, ikaanzisha Waymarking, na uamuzi wa aina gani ya maeneo ipewe kategoria yake ukawa mikononi mwa wanachama.

Mwenye wazo haendi peke yake. Anaunda kundi lenye kiongozi na maofisa, wanaandika kategoria inahusu nini, alama iwe na nini ili ikubaliwe, na mgeni afanye nini ili ahesabike amefika. Kisha pendekezo linaletwa kwa wanachama wanaolipia uanachama wao. Kila mmoja ana kura moja: ndiyo, hapana, au sina upande, na anaweza kuandika maoni. Likipita, maofisa wale wale ndio watakaokagua kila alama itakayoletwa, kwa muda wote ambao kategoria itakuwa hai.

Sasa, mdogo wangu, jibu langu kwako ni hili. Kura ile unampigia mtu usiyemjua. Ni mama mmoja wa Lisbon, au kijana wa Dodoma, atakayeisoma kategoria hiyo baada ya miaka, avae viatu, atumie nauli yake, asimame mbele ya kitu na kujiuliza: hiki ndicho? Na kama ndicho, kina nini cha kunipa? Pendekezo likiweza kumjibu mtu huyo, lipe ndiyo hata kama mwenye pendekezo humpendi. Lisipoweza, lipe hapana hata kama mwenye pendekezo alikulea.

Utajuaje kama linaweza kumjibu? Kuna maswali manne ambayo wanachama makini huyauliza. Nitayapitisha yote kwenye mfano mmoja tunaoujua sisi wa pwani. Tuseme mtu ameleta pendekezo la kategoria iitwayo "Milango ya Zanzibar".

Mgeni atakitambua?

Swali la kwanza ni la mipaka. "Majengo mazuri" haiwezi kuwa kategoria, kwa sababu uzuri hauna kipimo, na ofisa atakayekataa alama ya mtu atakuwa anamwambia kwamba macho yake mabovu. "Mti mkubwa" nayo inayumba mpaka mtu aseme unene wa shina upimwe wapi na uanzie kiasi gani. Mnara wa taa hauna shida hiyo. Anayefika kisiwa cha Chumbe, akauona ule mnara uliojengwa mwaka 1904, hahitaji kumuuliza mtu kama huo ni mnara wa taa au siyo.

Milango yetu je? Usiishie kusema "milango ya kuchongwa". Sogea karibu uangalie. Kuna miimo miwili ya pembeni, kuna kizingiti cha juu, kuna mfaa unaofunika pale mbao mbili zinapokutana katikati, na mara nyingi kuna njumu za shaba zilizopangwa safu safu. Kwenye miimo utakuta nakshi ya mnyororo, maua ya yungiyungi, na chini pengine samaki. Kizingiti cha juu cha mitindo ya zamani kimenyooka, na baadhi vina maandishi ya Kiarabu. Milango yenye upinde juu ilikuja baadaye na ina mkono wa mafundi wa Kihindi ndani yake. Pendekezo likiandika kwamba alama ikubaliwe tu kama mlango ni wa mbao, umechongwa kwa mkono kwenye miimo au kizingiti, na picha inaonyesha nakshi hiyo kwa karibu, basi mgeni atajua anatafuta nini, na ofisa atajua anakagua nini. Likiandika tu "milango mizuri ya kizamani", hilo ni hapana yako ya kwanza.

Kiko wapi, na kwa wingi gani?

Waymarking ni ya dunia nzima, kwa hiyo kategoria inayoishia kwenye mtaa mmoja huwa ngumu kupita. Kitu kikiwa kimoja tu duniani, hiyo ni alama moja, na itafutiwe kategoria ya kuingia. Na kikiwa kila hatua kumi, kama nguzo za umeme, nani atasafiri kwenda kuiangalia moja?

Hapa ndipo "Milango ya Zanzibar" inapojikwaa, na inajikwaa kwa kosa la kujifunga yenyewe. Milango ya namna hii iko Lamu, iko Mombasa, iko Bagamoyo, na ukivuka bahari utakuta ndugu zake Oman. Nakshi za mbao milangoni ziko pia India, Moroko na kwingineko. Kategoria ya "milango ya mbao iliyochongwa kwa mkono" ingemkaribisha mtu wa Stone Town na mtu wa Muscat kwa pamoja, na mlango wetu usingepoteza chochote. Kitu kile kile, kwa jina moja kinaanguka, kwa jina jingine kinasimama. Ndiyo maana nasema usipige hapana ukanyamaza. Pengine mwenzako amekosea upana wa jina tu.

Nawasihi pia muwe waangalifu upande wa pili. Wapiga kura wengi wa Waymarking wako Marekani na Ulaya, na mtu ni rahisi kukiita kitu cha mtaani tu kwa sababu hajawahi kukiona kwao. Ukipata pendekezo la kitu unachokijua kutoka huku, usikae kimya. Taja maeneo. Kwa mfano, yale makaburi ya nguzo ya pwani, ambayo baadhi yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina, hayako mahali pamoja. Yako Kaole, yako Kunduchi, yako Malindi na Gede. Pengine hayatoshi kuwa kategoria peke yake, lakini maoni yako yatamfanya msomaji wa mbali ajue kwamba anazungumzia pwani ndefu yenye historia yake.

Je, nyumba yake haiko tayari?

Waymarking ina kategoria zaidi ya elfu. Kabla hujapiga kura, tafuta. Kama tayari kuna kategoria inayopokea milango ya kila namna, mwenye pendekezo ana kazi ya kueleza mlango wa kuchongwa unahitaji nini cha ziada. Anaweza kushinda hoja hiyo. Aseme kwamba kategoria yake itadai habari ambazo ile pana haizidai: aina ya mbao, mtindo wa kizingiti, kama kuna maandishi na yanasema nini, kama mlango ni wa asili au fundi wa leo ameuchonga upya. Hapo kuna faida mpya. Lakini kama anachofanya ni kumega kipande cha kategoria iliyopo na kukipa jina, atakachozaa ni kuandika mlango ule ule mara mbili.

Na hapa niseme jambo ambalo watu hawapendi kuambiwa. Kila kategoria ina nembo yake ndogo, na mwanachama akiweka au kutembelea alama ya kategoria fulani, nembo ile inajaa kwenye jedwali lake. Kujaza jedwali ni raha, siwakatazi. Lakini wapo wanaopiga ndiyo kwa kila pendekezo ili wapate nembo nyingine ya kujaza. Mkifanya hivyo mnazaa kategoria zinazofanana, na mgeni anayetafuta hajui aingie wapi.

Atakayefika atapata nini?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote, nalo halina kipimo cha mkono. Kategoria ya migahawa ya McDonald's ipo Waymarking. Inatambulika papo hapo, imeenea dunia nzima, haifanani na nyingine. Maswali matatu inayapita bila jasho. Watu wanabishana juu ya la nne: anayesimama pale anajifunza nini ambacho hakukijua aliposimama mbele ya mgahawa wa mji uliopita? Wapo wanaojibu kwamba msafiri mwenye watoto wenye njaa ana haki yake ya kuupata mgahawa kwenye ramani. Wapo wanaosema kazi hiyo inafanywa na ramani nyingine, na hapa patunzwe maeneo yenye habari. Dada yenu yuko upande wa pili, na nasema wazi: muda wa mtu na nauli yake ni amana. Alama imlipe kwa kumwambia jambo.

Lakini msilichanganye swali hili na ladha zenu. Mimi sisisimki na vyombo vya reli, na mwingine anaweza kulala usingizi mbele ya makaburi. Hakuna anayekulazimisha kutembelea kategoria usiyoipenda. Swali ni kama kila kitu cha aina hiyo kina historia yake, umbo lake, kisa chake. Kila mnara wa taa una mwaka wake wa kujengwa, urefu wake, na meli zilizoutegemea. Mlango wa kuchongwa una fundi, una familia iliyouagiza, una zama zake. Hiyo inatosha kwa ndiyo, hata kama wewe binafsi milango haikusisimui.

Kwa milango naongeza tahadhari moja. Nyuma ya mlango kuna watu wanaoishi. Masharti mema yatamtaka mgeni apige picha akiwa barabarani, na kama anataka kusogea, apige hodi na kuomba ruhusa. Pendekezo lililosahau wenyeji, likumbushe kwenye maoni yako.

Nani ataitunza?

Nje ya maswali yale manne kuna la tano, la watunzaji. Yapo makundi yaliyopitisha kategoria kwa shangwe, kisha maofisa wakapotea, na alama za watu zikakaa zikisubiri kukaguliwa. Soma majina ya kundi. Je, ni watu wanaoonekana, wanaojibu? Je, yupo zaidi ya mmoja anayekielewa kitu chenyewe? Masharti mazuri bila mkaguzi hayamfikishi mgeni popote. Hilo nalo ni sababu halali ya kuuliza kabla ya kupiga kura.

Sasa turudi kwa rafiki yako

Mdogo wangu, huyo mkongwe alikusaidia kwa sababu anaupenda mchezo huu. Ukimpa ndiyo ya uongo, umemwachia kategoria itakayomchosha kuikagua na itakayodharauliwa na wenzake. Shukrani haiko hapo. Shukrani yako iweke kwenye kumsoma kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote.

Kama kura bado haijafungwa, mwandikie faraghani kwanza. Mwambie unachokiona, mwulize alikuwa na nia gani. Mara nyingine utagundua hukumwelewa. Kisha piga kura yako na uache maoni yanayoweza kumsaidia kurudi na pendekezo bora. Yawe namna hii:

"Nimelisoma pendekezo lote, na wazo la kutunza kumbukumbu za milango hii nalipenda. Nimepiga hapana kwa sababu mbili. Jina linaifunga kategoria kwenye mji mmoja, ilhali milango hii iko pwani nzima na hata Oman. Pia masharti hayasemi mlango uwe na nini ili ukubaliwe. Mkiipanua iwe milango ya mbao iliyochongwa kwa mkono, na mkidai picha ya karibu ya nakshi, nitapiga ndiyo. Niko tayari kuwasaidia kuandika upya."

Angalieni kilichomo. Amesema amesoma. Ametaja kilicho chema bila kupamba. Ametoa sababu zinazoweza kurekebishwa, akasema zikirekebishwa atafanya nini, na amejitolea kusaidia. Hakuna neno juu ya mtu, yote ni juu ya pendekezo. Linganisheni na ile hapana kavu yenye maneno "sioni maana", ambayo inamwachia mwenzako hasira na isimwachie pa kuanzia.

Vipi "sina upande"? Ipo kwa ajili ya mtu ambaye kweli hawezi kupima: kitu ni cha fani asiyoijua, au yuko ndani ya kundi lenyewe na anaona haya kujipigia. Usiitumie kukimbia. Umeshapima, umeshajua unaloliona, basi liseme.

Na wewe unayeandaa pendekezo, usingoje siku ya kura ndipo usikie maoni. Wenzetu wa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, wana utaratibu ambao naupenda: anayependekeza aina mpya ya kitu cha kuchorwa anaiweka mezani ijadiliwe wiki mbili au zaidi kabla ya kura kuanza, na anayepinga anatarajiwa kutoa sababu. Faida ya kukubaliana juu ya maana mapema tumeiona hata hapa kwetu. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa sababu ya mafuriko, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa yao pamoja na mifereji ya maji ya mvua. Huwezi kupima mifereji ya mji mzima kama kila mchoraji ana mfereji wake kichwani. Wa zege na wa udongo utofautishwe, upana na kina vipimwe kwa namna moja, ndipo ramani iweze kumwambia mtu maji yatapita wapi. Kategoria yako nayo inolewe mezani namna hiyo, na watu watatu wanne wasiokuogopa.

Pendekezo lako likianguka, usiwahesabu waliokukataa ukawawekea kinyongo. Kusanya sababu zao, ziandike upande mmoja, na uone ni zipi zimejirudia. Sababu iliyotolewa na watu wengi wasiojuana ina ukweli ndani yake. Rekebisha hiyo kwanza, kisha rudi. Pendekezo kurudi mara ya pili si aibu hata kidogo.

Basi, mdogo wangu uliyeniandikia, leo jioni fanya hivi. Lifungue pendekezo la rafiki yako, soma masharti ya kuweka alama kabla ya maelezo matamu ya juu, jiulize maswali yale manne na la tano la watunzaji, na majibu yaandike kwenye karatasi. Mtumie rafiki yako majibu hayo kabla hujagusa kitufe cha kura. Akikujibu, msikilize kwa dhati, maana yeye anaujua mchezo huu kuliko wewe na anaweza kukufundisha jambo. Baada ya hapo, kura yoyote utakayopiga itakuwa na sababu, na mtu aliyekupokea vizuri siku ya kwanza hatashindwa kuiheshimu.

Wengine wenye maswali, ya ramani, ya kazi au ya nyumbani, endeleeni kuniletea. Nayasoma yote.

Dada yenu.